Picha Alizoziharibu Goymer

Sheria yetu ya njia za miguu ilitungwa na watu wasio na adabu, au kwa ajili yao. Ukikatisha shamba la mtu kwa miaka ishirini mfululizo, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kumwomba mwenyewe ruhusa, njia hiyo inakuwa ya umma na hakuna wa kukufukuza. Lakini ukipiga hodi mlangoni kwake ukasema samahani, naomba nipite, miaka yako yote inahesabiwa kuwa hisani, na hisani hufutwa siku yoyote. Nimeishi Ottersfield miaka sabini na sita na sikulijua jambo hili mpaka marehemu mume wangu alipohitajiwa kutoa ushahidi.

Lionel Catchpole alikuwa mrekebisha piano. Siku sita za wiki alisikiliza nyuzi za piano za watu, na Jumapili asubuhi alipiga picha. Tuseme alipiga picha moja, maana kwa miaka ishirini na sita alisimama mahali pamoja, kwenye kona ya juu ya shamba la mzee Orris, na kamera ikatazama upande ule ule: mto unapopinda, kinu cha zamani cha maji, miti iliyoinamia ukingo, ng'ombe wameingia majini mpaka magotini, na juu yao mbingu pana yenye mawingu. Karne mbili zilizopita mchoraji mmoja alisimama hapo hapo na brashi zake. Mchoro wenyewe uko London, lakini nakala zake zimejaa kwenye mikebe ya biskuti, kwenye sinia za chai na kwenye ukuta wa kila daktari wa meno wa wilaya hii. Lionel alitaka kuupata mchoro ule kwa kamera. Aliukaribia sana. Kila mwaka picha zake zilitoka kwenye kalenda ya kijiji, na wageni waliuliza zimechorwa na nani.

Kazi yenyewe ilikuwa kusubiri. Alisubiri moshi wa ndege ufutike angani. Alisubiri ng'ombe wageuke. Gari likipita ng'ambo alisubiri, mtu akitokea njiani alisubiri mpaka apotee. Mimi nilikaa nyuma yake kwenye kiti cha kukunja, na chupa ya chai miguuni, nikifuma, na nikisimama kunyoosha mgongo aliniambia, "Enid, kivuli." Watu waliniuliza kama sikuchoka. Nilichoka sana, na zile zilikuwa asubuhi bora za maisha yangu.

Alifariki mwezi wa Februari, miaka miwili iliyopita. Niliendelea kupanda kule kila Jumapili na kiti changu, peke yangu, goti likilalamika. Makaburini sisikii kitu, labda kwa sababu Lionel hakuwahi kukaa makaburini. Pale juu niliweza bado kumsikia anavyobana pumzi kabla ya kubonyeza. Halafu mzee Orris naye akafa, mpwa wake akauza shamba, na mnunuzi, bwana mmoja aitwaye Strake mwenye farasi wa mashindano, akafunga lango kwa mnyororo na kuweka kibao cha kukataza watu. Strake si mtu mbaya. Alinipungia mkono huku anafunga. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuvua koti, na nikajua kwamba katika vyote nilivyobakiwa navyo hakuna nilichokitaka kama ile kona ya shamba, na niliitaka kabla goti halijanikatalia kabisa.

Kijiji kikaunda kamati, kama kawaida yetu, na kamati ikaangukia mikononi mwa Hester Pryke, kama kawaida yake. Hester alifundisha jiografia katika shule yetu miaka thelathini na bado anazungumza na watu wazima kama wamechelewa kuleta daftari. Alikuja kwangu na kitabu cha sheria kilichojaa vipande vya karatasi.

"Enid, Lionel alikuwa anaandika tarehe nyuma ya picha?"

"Tarehe, saa na hali ya hewa. Si unamjua."

"Basi tumeshinda," alisema, akajimiminia chai yangu bila kukaribishwa. "Picha elfu moja na zaidi. Miaka ishirini na sita, zote zimepigwa ndani ya shamba. Wakili wa Strake atazijibu nini hizo?"

"Atauliza kama aliomba ruhusa."

"Na hakuomba."

"Aliomba. Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, alikwenda kwa Orris na chupa ya jamu ya forosadi, akamuuliza kama anaweza kuendelea mwaka mwingine. Orris akasema ndiyo. Jamu nilipika mimi."

Hester akaweka kikombe chini polepole. "Hiyo sikuisikia."

"Nirudie kwa sauti?"

"Nimesema sikuisikia. Sikio hili linanisumbua leo. Orris kafa, Lionel kafa, jamu imeliwa. Wakikuuliza tarehe, wewe jibu tarehe. Wasipokuuliza habari za jamu, jamu inaingilia wapi?"

Huyu ndiye aliyemtoa mwanangu darasani kwa uongo wa kusema mbwa amekula ramani yake. Nilimwambia nitafikiria, akaondoka kabla sijafikiria mbele yake.

Nilifikiria wiki nzima, na nakiri nilielekea upande wa sikio la Hester. Nani angeumia? Strake ana ekari mia tatu na sisi tulitaka ukanda wa hatua mbili. Nilikuwa nimeshaanza kuzipanga picha kwa miaka mezani pale chumbani, na nilipokosa za mwaka mmoja nikaenda kuzitafuta kwenye kabati la chini ya ngazi. Huko nyuma kabisa, nyuma ya mitungi ya dawa za kusafishia picha ambayo hakuigusa tangu alipopata kamera ya kisasa, nikakuta sanduku la viatu, na la pili, na la tatu. Juu ya kila moja Lionel ameandika: Zilizoharibika.

Sikujua kama alizitunza. Zilikuwa zile za asubuhi alizokosa subira, au mwanga ulipokuwa unamkimbia na akabonyeza hivyo hivyo huku mtu yumo ndani. Nyuma ya kila moja ameandika tarehe, saa, hali ya hewa, na sababu ya kuitupa. Mama na kigari cha mtoto. Watembeaji wanne, mikoba myekundu. Wanakwaya. Goymer. Goymer na mbwa. Goymer tena. Goymer, mbwa wote wawili. Goymer, nadhani kwa makusudi. Nilikaa sakafuni chini ya ngazi nikacheka mpaka nikalia, na ilinichukua muda kuinuka kwa sababu ya goti.

Terry Goymer hunyonya mashimo ya vyoo kwa lori la pampu. Nyumba nyingi za bonde hili ziko mbali na mabomba ya wilaya, kwa hiyo hakuna asiyemhitaji, na hakuna anayemkaribisha ndani. Huvaa koti la njano linalong'aa, lile la watu wa barabarani, na amelivaa hata kwenye harusi. Langoni hapigi hodi, hulifungua. Kwa miaka yote ile alipita mbele ya kamera ya Lionel kila Jumapili, katikati kabisa ya ule mchoro wa karne mbili, akimeta. Ilifika mahali Lionel, ambaye hakuwahi kugombana hata na mtoza kodi, akamwandikia barua. Tangu siku ile nyumba zetu mbili hazikuzungumza, miaka kumi na moja, isipokuwa shimo letu likijaa.

Nilimkuta uani anaosha mpira wa kunyonyea wa lori lake. Mbwa wake wawili warefu wakaja kuninusa.

"Bi. Catchpole. Limejaa?"

"Shimo liko salama. Nimekuja kwa ajili ya ile njia."

"Kamati ya Hester? Mimi hawakuniita."

"Walidhani hungependa kuja."

"Walidhani nitanuka."

Ndivyo walivyodhani.

"Nina swali moja tu," nikamwambia. "Uliwahi kumwomba Orris ruhusa ya kupita?"

"Ruhusa ya nini, bibie? Kupita ni miguu. Miguu ninayo."

"Hata mara moja?"

"Hata nusu."

"Na yeye hakuwahi kukukataza?"

"Orris? Alikuwa ananipungia kofia. Nani agombane na mtu anayemnyonyea choo?" Akafunga bomba. "Ni mumeo tu aliyekuwa na neno. Ile barua bado ninayo, unajua? Nimeibandika ndani ya lori. 'Mpendwa Bwana Goymer, nitashukuru sana ukiweza kutembea saa nyingine, au, ikishindikana, kuvaa kahawia.' Kahawia. Miaka kumi na moja nacheka."

Alikuwa ameihifadhi kichwani neno kwa neno. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyependekeza kahawia. Lionel alitaka kijani.

Nikafungua sanduku juu ya bati la lori. Alikausha mikono akaanza kuzipitia, na alicheka kweli, akisoma maandishi ya nyuma kwa sauti. "Goymer, mara ya tatu mwezi huu. Lo, huyu mzee alinifuatilia kuliko polisi." Halafu akafika kwenye moja akaacha kusoma.

Yeye mwenyewe yumo, anamkemea mbwa. Kando yake yuko mkewe, Noreen, ameinua mkono juu kabisa anaipungia kamera, kinywa wazi kwa kicheko, skafu ya bluu imepeperuka. Noreen alikufa kwa saratani miaka minne iliyopita. Nyuma Lionel ameandika: Oktoba 12, saa moja na dakika arobaini, mawingu mepesi, mwanga mzuri sana. Goymer tena, na mkewe anapunga.

"Yeye ndiye aliyekuwa ananiamsha," Goymer alisema. "Twende tukamharibie mzee picha yake. Kila Jumapili. Mimi ningelala zangu mpaka saa nne."

"Kwa hiyo ilikuwa makusudi."

"Ilikuwa makusudi kabisa." Hakuinua macho. "Alipofariki nikaendelea. Sikujua saa nyingine ya kwenda." Akafuta kidole kwenye suruali kabla ya kuigusa picha pembeni. "Ninazo za harusi na ile ya pasipoti. Alikuwa hapendi kamera. Ukimwelekezea anajificha nyuma ya mlango."

"Humu kuna nyingine thelathini na kitu."

"Naweza kuichukua hii?"

"Baraza la kusikiliza kesi ya njia likiisha. Kwa sasa ni ushahidi."

Akafikiri. "Basi nitakuja nikae karibu nayo," akasema.

Baraza lilikaa mwezi wa Machi katika ukumbi wa kijiji, siku mbili, na birika kubwa la chai likichemka pembeni kwa sababu hakuna jambo linaloamuliwa hapa bila hilo. Mkaguzi aliyetumwa na serikali alikuwa mwanamke mwembamba mwenye viatu vya matope. Alikuwa ametoka kuitembea njia yenyewe asubuhi hiyo. Wakili wa Strake alikuwa kijana mpole mno. Nilimpenda, na hilo lilinikera.

Hakuwa na maswali mengi. Kwa Bwana Ambler, kiongozi wa kwaya, alikuwa na moja: katika miaka yote ile ya kupita, aliwahi kuzungumza na marehemu Orris kuhusu kupita huko?

"Bila shaka," alisema Ambler, akijivuta kwenye kiti. "Nilimwendea siku ya kwanza kabisa kumwomba. Mimi si mhuni."

Wakili akamshukuru. Akaja mama wa duka la mikate: naye aliomba, na kila Krismasi alimpelekea Orris keki. Akaja daktari wa mifugo: aliomba. Bibi wa chama cha maua aliomba kwa niaba ya chama kizima, akataja na tarehe ili asidhaniwe mwongo. Kila mmoja alieleza adabu yake kwa fahari, akashuka bila kujua kwamba ameizika njia yake mwenyewe, na kila mmoja aliposhuka Hester alizidi kushuka kitini. Alikuwa amewaeleza sheria ile mara tatu. Lakini mtu wa kijiji hiki ukimuuliza hadharani kama ana adabu, hawezi kusema hana.

Halafu wakili akatoa barua. Orris hakuwahi kutupa karatasi, na hii ilikuwa na nembo ya shule. Mwalimu fulani, zamani, alimwomba ruhusa ya kupitisha darasa zima la jiografia, na chini kulikuwa na saini ya Hester Pryke. Sikumtazama. Nilikuwa na ubaya wangu mwenyewe wa kushughulika nao.

Zamu yangu ikafika mchana. Picha zilikuwa zimepangwa kwenye meza ndefu, zile nzuri, na mkaguzi alikwisha kuzipitia mara mbili. Niliulizwa tarehe nikajibu tarehe. Wakili akainuka.

"Bi. Catchpole, marehemu Orris aliwahi kumwandikia mumeo barua yoyote ya ruhusa?"

"Hapana."

"Na mumeo aliwahi kumwandikia yeye?"

"Hapana."

"Ahsante sana. Sina zaidi."

Akakaa. Ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyeuliza habari za jamu. Nilikuwa sijasema uongo hata herufi moja, Hester alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kilichobaki kilikuwa kunyanyuka, kushika fimbo yangu na kurudi kitini, na njia ingekuwa yangu mpaka nife.

Sikunyanyuka. Nilizitazama zile picha mezani nikaona nilichokuwa nakaribia kufanya. Ili njia ipatikane, Lionel ilibidi awe mtu aliyeingia shamba la mwenzake miaka ishirini na sita bila hata kusema hujambo. Wangemwandika hivyo kwenye karatasi ya serikali na karatasi ingebaki. Mtu ambaye alivua viatu katika nyumba za watu kabla ya kugusa piano zao. Nilimtaka pale juu pamoja nami, na huyo waliyekuwa wanampeleka pale juu hakuwa yeye.

"Hawakuandikiana," nikasema, "kwa sababu mume wangu alikwenda mwenyewe kwa miguu. Kila mwaka. Aliomba, na Orris akakubali. Alipeleka jamu."

Ukumbi ulitoa sauti moja, kama ya tairi linalotoa upepo. Hester akafumba macho. Wakili alinitazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitaka, na mkaguzi akaandika.

"Na wewe, Bi. Catchpole?" akaniuliza mkaguzi, bila kuinua kalamu. "Wewe uliomba?"

"Mimi nilikuwa mke. Nilibeba chai."

"Uliomba?"

"Hapana. Hakuna aliyeniambia niombe."

Akaandika hilo pia, tena kwa muda mrefu zaidi. "Una jambo jingine la kuniambia?"

"Nina masanduku matatu hapo chini ya meza," nikamwambia. "Kamati haikutaka niyalete. Wanasema picha hizo ni mbaya."

Zilipomwagwa mezani ukumbi ulibadilika. Watu walisogea mbele kujitafuta. Miaka ishirini na sita ya Ottersfield ilikuwa imepita mbele ya ile kamera na kulaaniwa kimyakimya: mama wa kigari, ambaye sasa mtoto wake ni askari, watembeaji wa mbali wenye mikoba myekundu, ambao hata hawakumjua Orris ni nani wa kumwomba, watu wawili wanaobusiana ambao sitawataja kwa sababu mmoja wao alikuwa ukumbini na mwingine hakuwa mume wake. Na mstari kwa mstari, mwaka kwa mwaka, lile koti la njano.

Goymer alikuwa amekaa tangu asubuhi kwenye kiti kilicho karibu kabisa na meza. Aliitwa, akasimama pale pale.

"Bwana Goymer," wakili akaanza kwa upole wake, "ulijua kwamba lile ni shamba la mtu?"

"Kila shamba ni la mtu."

"Na hukufikiria kumwomba?"

"Sikufikiria kabisa."

"Hata kwa heshima tu ya kijirani?"

"Waulize hawa kama mimi nina heshima."

Watu wakacheka, mara ya kwanza siku ile, na Ambler akaitikia kwa kichwa kabla hajajizuia. Wakili alijaribu njia nyingine mbili tatu. Je, alipita kwa siri? Goymer akavuta kola ya lile koti ili alione vizuri. Je, alikuwa na shughuli gani huko saa moja na nusu asubuhi, kila Jumapili? Hapo Goymer akaiachia kola. Hakumtazama wakili, alitazama picha ya Oktoba, iliyokuwa mkono wake wa kulia.

"Nilikuwa natembea na mke wangu," akasema.

Hakuulizwa tena.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki tisa, kurasa kumi na nne. Njia imethibitishwa kuwa ya umma, upana wa mita mbili, kutoka barabara ya kanisa mpaka darajani, na Bwana Strake afungue lango katika siku ishirini na moja. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikalia. Halafu nikasoma zingine, na kwenye ukurasa wa tisa mkaguzi alikuwa amefika kwa Lionel. Picha za kundi la kwanza, aliandika, ni za uzuri usio wa kawaida, lakini mpigaji alikuwa na ruhusa, na zaidi ya hayo, kwa juhudi yake mwenyewe zinaonyesha mahali pasipopita mtu yeyote. Kwa hiyo nimeziweka kando na kutegemea zile za kundi la pili.

Iliniuma. Nilikaa na ile sentensi siku mbili nikimchukia mwanamke yule na viatu vyake. Asubuhi elfu moja na zaidi za kusubiri watu waondoke, na zimewekwa kando kwa mstari mmoja na nusu. Kilichonisumbua kuliko yote ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Siku ya tatu nilizihesabu picha za Noreen. Zilikuwa thelathini na nne. Nikazifunga kwa karatasi safi, nikachukua na nakala ya uamuzi, maana Goymer hafungui barua za serikali, nikaenda kwake. Alisoma jina lake kwenye ukurasa wa kumi akasema hawajakosea herufi. Picha hakuzifungua mbele yangu. Alizishika kwa mikono miwili akasimama nazo, mbwa wakimzunguka.

"Lango wanafungua lini?"

"Ijumaa."

"Jumapili unapanda?"

"Goti likikubali."

"Saa ile ile?"

"Saa moja na nusu. Ndipo mwanga unapokuwa mzuri."

Akaitikia. Akamtazama mbwa mmoja, halafu mwingine. "Basi mimi nitapita saa tatu," akasema. "Nikuachie nafasi. Mumeo aliomba vizuri kabisa, na mimi sikumjibu."

Miaka yote ile sikuwahi kumwita kwa jina lake.

"Terry," nikamwambia, "pita saa ile ile."

"Na hili koti?"

"Na hilo koti."